Hadubini ya Wageni

Tuanze na kabati, kwa sababu ugomvi wote ulianzia hapo. Lilikuwa kabati la vioo, refu kuliko mlango, limesimama ofisini kwa Mwalimu Mkuu nyuma ya kiti chake, ili kila mgeni anayeketi mbele ya meza alione hata kama hataki. Ndani mlikuwa na hadubini nyeusi, mizani ya sahani mbili na mawe yake madogo ya shaba, vipimajoto ndani ya vibweta, silinda za kupimia maji, saa za kusimamisha, na lenzi za mkono zenye vishikio. Vitu vizuri, jamani, vinang'aa! Na kwa nini vising'ae? Tangu vilipoletwa havikuwahi kufanya kazi. Mkuu mwenyewe alikuwa akivua koti, anakunja mikono ya shati, anavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa laini, anavirudisha palepale, kisha anafunga, na ufunguo unarudi kwenye mkanda wa suruali yake.

Wanafunzi je? Wanafunzi walikuwa na picha. Picha kubwa ya karatasi ngumu ilitundikwa ukutani darasani, vyombo vyote vimechorwa na majina yake chini. Mgeni akija, vyombo hutolewa, hupangwa juu ya kitambaa cheupe, na watoto huimba kwa mbali: "Kipimajoto ni chombo cha kupimia joto! Mizani ni chombo cha kupimia uzito!" Mgeni anapiga makofi, anakunywa soda, anaondoka, na Mkuu anatembea siku nzima kifua mbele.

Ndipo akaja mwalimu mpya wa sayansi. Huyu alikuwa binti wa marehemu mdogo wake Mkuu, na Mkuu ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Nyumbani alimwita Baba Mkubwa, shuleni alimwita Mwalimu Mkuu, na moyoni, siku kama hizi ninazozisimulia, alimwita majina mengine ambayo hayafai mbele za watu. Alikuwa mwalimu wa muda. Muhula ukiisha, Mkuu akitaka anabaki, asipotaka anafungasha. Wanafunzi walimpa jina la Tuone, maana huyo hata ukimwambia jua limechomoza atakujibu, "Haya, tuone," na atakwenda dirishani.

Siku moja Tuone alikuja darasani na kipimajoto chake mwenyewe, kile alichokuwa nacho tangu chuoni. Akakitia kwenye kikombe cha maji yenye vipande vya barafu, akakiweka mezani na kuwaita watoto waje wasome mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa msichana aliyeitwa Redio. Alishika kila jambo kwa kichwa, na ukimfungua hafungiki. Redio akainama, akatazama, akasema kwa sauti ya ushindi, "Thelathini na saba!"

Akaja wa pili: thelathini na saba. Wa tatu: thelathini na saba. Wakapita safu nzima ya mbele, wakapita wa katikati, na kila mmoja ni thelathini na saba, tena bila kusita. Tuone akadhani wamepanga kumtania. Akainama mwenyewe. Ule uzi mwekundu ndani ya kioo ulikuwa umejikunyata chini kabisa, karibu na sifuri, kama inavyopasa kwenye maji ya barafu.

"Nani kawafundisha mzaha huu?" akauliza.

Mvulana mmoja wa nyuma akajikaza. "Mwalimu, usikasirike. Hiki chako ni kibovu. Hakifanani na cha ukutani."

Tuone akageuka na kuitazama ile picha. Kumbe! Mchoraji, sijui alikuwa akiwaza homa ya nani, alikichora kipimajoto na uzi wake mwekundu umesimama kwenye thelathini na saba. Hawa watoto wamekitazama kila siku ya masomo tangu waingie darasa hilo.

"Redio," akasema polepole, "macho yako yanaona uzi umefika wapi?"

"Huku chini, Mwalimu."

"Na jibu lako?"

"Thelathini na saba, Mwalimu." Redio alimwonea huruma. "Macho yanaona chini, lakini jibu ni thelathini na saba."

Tuone alihisi hasira imempanda mpaka machozi yakamlenga. Hakuwakasirikia watoto, la hasha! Watoto walikuwa wamefanya sawasawa walivyofunzwa. Akapanda juu ya kiti na viatu vyake, akaing'oa picha ukutani, akaikunja kama mkeka na kuitupa stoo juu ya mafagio. Darasa zima likashika midomo.

Kisha akaleta beseni tatu: moja ya maji ya moto ya kuvumilika, moja ya baridi, na ya katikati ya uvuguvugu. Akamwambia Redio atie mkono mmoja kwenye moto na mwingine kwenye baridi, atulie, halafu yote miwili aitumbukize katikati.

"Ala!" Redio akaruka. "Mkono huu unasema maji ni baridi! Huu unasema ni moto! Na maji ni yaleyale!"

Hapo wakagombania beseni mpaka sakafu ikawa ziwa. Kila aliyejaribu alipiga kelele zilezile.

"Sasa tumwamini nani?" Tuone akauliza walipotulia. "Mkono wa kulia au wa kushoto? Yote ni mikono yako, inakupenda, inakulisha, lakini imekudanganya mchana kweupe. Mkono unapima kwa kulinganisha na ulikotoka. Ndiyo maana watu wakatengeneza kipimajoto. Humu ndani mna kimiminika chekundu. Kikipata joto kinavimba, hakina pa kwenda, kinapanda. Kikipoa kinasinyaa, kinashuka. Hakijui mwalimu anataka jibu gani. Kazi yako wewe ni kusoma kilipofika, usikumbuke kilipokuwa kwenye picha."

Wakasoma tena kipimajoto kwenye kile kikombe cha barafu. Safari hii walibishana, mmoja anasema moja, mwingine anasema mbili, mwingine anasema wewe umekiinamia kwa upande ndiyo maana. Tuone alipenda ubishi ule kuliko nyimbo zote za wageni.

Lakini kipimajoto kimoja kwa darasa zima ni mateso. Saa ya mapumziko akaenda ofisini.

"Mwalimu Mkuu, naomba ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa hilo kabati lililo mgongoni kwako."

Mkuu akacheka, akidhani ni utani wa nyumbani umepotea njia. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Vyombo hivi vitatoka wageni wakija."

"Wageni wanajua kusoma kipimajoto. Watoto ndio hawajui."

"Wanajua. Waulize kipimajoto ni nini, watakwambia wakiwa usingizini."

"Hilo ndilo linaloniuma, Mwalimu Mkuu. Wanaweza kusema wakiwa usingizini."

"Na vikivunjika?"

"Vitakuwa vimevunjika."

Mkuu akainuka, akasimama mbele ya kabati na kutandaza mikono, utadhani mtu amekuja na rungu. "Thubutu!" akasema. Mazungumzo yakaishia hapo, na Tuone akatoka mikono mitupu.

Jioni walikaa mezani nyumbani, watatu tu: Mkuu, mkewe, na Tuone. Mama Mkubwa alikuwa mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, na alikuwa ameshasikia kila kitu, maana shule nayo ina midomo. Akapakua chakula, akaketi, ndipo akaanza.

"Humu ndani tuna vikombe vya wageni. Tuna mashuka ya wageni. Tuna viti vya sebuleni ambavyo mimi, mwenye nyumba, nikivikalia naambiwa nitavichafua. Na sasa nasikia kuna hadubini ya wageni. Hebu niambieni, sisi wa humu ndani tutakuwa wageni lini?"

"Mke wangu, hili ni jambo la kazi," Mkuu akasema.

"Ndiyo, nimeona. Kazi ya kufuta vumbi."

Tuone akauma mdomo asicheke. Mkuu akasukuma sahani mbele, na sauti yake ikawa ya chini, ile asiyoitumia shuleni. "Ninyi mnaona mzaha. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na lenzi moja ya mkono. Moja, shule nzima. Ikavunjika. Mpaka namaliza hatukuletewa nyingine. Nikajiapiza, siku nikipata vyombo, havitavunjika mikononi mwangu."

Lilikuwa neno la kweli na Tuone akalihisi. Alimpenda mzee huyu. Ndiye aliyemfunza kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, ndiye aliyeketi naye hospitalini alipougua. Lakini huruma haikumfunga mdomo.

"Baba Mkubwa, ninyi mlikosa lenzi kwa sababu ilivunjika. Hawa wanazo nzima na bado hawazioni. Wamekuzidi nini?"

Mkuu akanawa mikono kabla hajashiba. "Sikiliza, mwanangu. Kesho mkaguzi anakuja. Watoto wataimba, vyombo vitakaa mezani, na wewe utasimama pembeni utabasamu. Ukiniletea mambo yako mbele ya mkaguzi, kibarua chako kitaota nyasi. Uwe binti wa ndugu yangu, usiwe."

"Nimekusikia, Baba Mkubwa."

"Kasema kasikia," Mama Mkubwa akamwambia mumewe akikusanya vyombo. "Hajasema kakubali. Usije ukaniambia sikukuonya."

Kesho yake darasa lilisafishwa mpaka likanuka sabuni. Meza ya vyombo ikatandikwa kitambaa cheupe, na katikati, sijui nani alishauri, pakawekwa chombo cha maua yaliyokaa ofisini tangu wiki iliyopita. Halafu Mkuu akafanya jambo lililomkata Tuone maini: akachukua kamba, akaifunga kutoka kiti hiki mpaka kiti kile, watoto upande huu, vyombo upande ule. Kamba! Kama ya kuzuia ng'ombe!

Mkaguzi akaingia, mwanamke mrefu mwenye viatu vya visigino na uso wa mtu mwenye safari nyingine mbele. Akaketi. Watoto wakaimba kipimajoto, wakaimba mizani, na mkaguzi akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Mkuu, sura imemkunjuka, akamwita nyota wake.

"Binti, mweleze mgeni wetu. Hadubini ni nini?"

Redio akasimama, mikono nyuma. "Hadubini ni chombo kinachotumika kukuza vitu vidogo visivyo..." Akanyamaza. Akaitazama hadubini ng'ambo ya kamba.

"Endelea," Mkuu akasema.

"Maneno nayajua, Mwalimu Mkuu," Redio akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Kitu chenyewe sikijui."

Mkuu akamgeukia Tuone kwa tabasamu la meno tu, na macho yanasema, okoa jahazi. Tuone alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Akitabasamu na kusema "mtoto ameshikwa na haya", ana kazi, ana mshahara, ana amani mezani. Na Redio, aliyethubutu kusema kweli mara ya kwanza maishani, atajifunza leo kwamba kweli haisemwi mbele ya wageni. Tuone akapiga moyo konde. Akaenda kwenye kiti, akafungua fundo la kamba na kuiacha ianguke.

"Haya," akasema, "tuone."

Mtoto wa kwanza alipita akitazama kamba pale chini, kana kwamba itamuuma. Wa pili akairuka. Wengine hawakungoja.

"Mwalimu!" Mkuu akasema kwa meno yaliyokazana. Tuone hakugeuka. Angegeuka, moyo ungemlainika.

Akachovya kijiti kwenye maji ya maua, akadondosha tone juu ya kipande cha kioo, akakiweka chini ya hadubini. "Redio, njoo. Lenzi mbili zinafanya kazi hapa. Hii ya chini, karibu na tone, inakuza. Hii ya juu, penye jicho lako, inakuza kile kilichokwisha kukuzwa. Na hiki kioo cha chini kinachukua mwanga wa dirishani na kuurusha juu upitie kwenye tone. Bila mwanga huoni kitu, hata lenzi ziwe za dhahabu. Usibane jicho. Zungusha hapa, taratibu."

"Naona miti!" Redio akapiga kelele. "Miti mirefu myeusi!"

"Hizo ni kope zako. Rudi nyuma kidogo."

Darasa likaangua kicheko, na Redio naye akacheka, akarudi nyuma kidogo, akazungusha. Kisha akaacha kucheka.

"Kuna kitu kinakwenda," akanong'ona. "Mwalimu, kinaogelea! Kiko hai!"

Basi, nani angewazuia tena? Wawili wakavamia mizani, wakaweka kifutio upande huu na mawe ya shaba upande ule, wakaviondoa, wakagombana kwa nini sahani hazilingani hata zikiwa tupu, mpaka mmoja akapuliza petali ya ua iliyokuwa imeangukia sahani moja. Wengine walishika saa ya kusimamisha na kupima nani anaweza kuziba pumzi. Wengine wakajaza silinda maji, na Tuone akapiga magoti kando yao akiwaonyesha. "Usisome kwa juu. Shusha jicho mpaka lilingane na maji. Unaona maji yamepinda katikati? Soma pale chini kwenye mbonyeo, si kwenye kingo zilizopanda kwenye kioo."

Na hapo hapo ikatokea. Mvulana aliyekuwa akiinua silinda hadi usawa wa jicho, mikono ikiwa na maji, akaiachia. Paa! Vioo vikatawanyika mpaka kwenye viatu vya mkaguzi.

Yule mvulana akainua mikono kujikinga uso, maana alijua kinachofuata. Mkuu alikuwa amefumba macho kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

Tuone akasimama. Sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Imevunjika. Shusha mikono, mwanangu, hakuna wa kukupiga. Mmoja alete ufagio. Wenye saa, endeleeni. Mlikuwa mmefikia wapi?"

Mkaguzi akajipangusa kiatu. "Mwalimu Mkuu, niliambiwa nakuja kwenye maonyesho yenye utaratibu," akasema. Akachukua mkoba wake na kwenda zake, hata soda hakuigusa.

Mkuu akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi, alimwendea Tuone na kusimama karibu naye kabisa. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Waombe watoto radhi kwa mfano uliowapa. Uniombe radhi mimi. Tutalimaliza hapa."

"Kwa lipi, Mwalimu Mkuu?"

"Umenivua nguo mbele ya mkaguzi."

"Nimefungua kamba. Na kesho nitaifungua tena."

"Basi muhula ukiisha, unaondoka."

Ilimchoma, tusidanganyane. Alikuwa ameipenda kazi ile kuliko alivyojua, na aliyemnyang'anya ni mtu aliyemlea. Akajibu: "Sawa. Lakini muhula haujaisha, na nina kipindi."

Mkuu akampita, akaiendea hadubini na kunyoosha mkono aichukue. Redio alikuwa bado ameinama pale, jicho kwenye lenzi, hajui hata kama dunia imepasuka.

"Subiri," Redio akasema bila kuinua kichwa. "Sijamaliza."

Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia Mkuu neno hilo. Redio akainuka, akaona ni nani, akapauka. Lakini hakuondoa mkono wake kwenye hadubini.

"Umeona nini humo," Mkuu akauliza kwa ukali, "mpaka unanikosea adabu?"

Tuone alingoja mtoto afunguke kama kawaida yake, amwage maelezo ya hadubini toka mwanzo hadi mwisho. Redio hakueleza chochote. Alisogea pembeni hatua moja. "Tazama mwenyewe, Mwalimu Mkuu."

Mkuu akabaki amesimama. Akavua miwani, akaishika, akaivaa tena, akaivua. Akafumba jicho hili, akalifumbua, akafumba lile. Hapo ndipo Tuone alipoelewa, na akaona haya kwa niaba yake: mzee huyu hakuwahi kutazama humo ndani hata mara moja.

Akainama. Akakaa ameinama. Watoto wa mizani wakaacha mizani. Mtoto mwenye ufagio akasimama na ufagio.

"Kinakwenda wapi?" Mkuu akauliza mwishowe, jicho likiwa palepale.

"Sijui," Redio akajibu. "Ndiyo nilikuwa nakifuata."

Mkuu akainuka taratibu na kuvaa miwani. Ilimchukua muda kuiweka sawa masikioni. Akamtazama Tuone. "Neno langu ni lilelile. Sijalibadili."

"Sikukuomba ulibadili," Tuone akasema. "Sogea kidogo, Baba Mkubwa. Umewazibia watoto mwanga."

Mkuu akasogea. Watoto walikuwa wameshapanga foleni mbele ya hadubini, mmoja nyuma ya mwingine, wakisukumana. Akaitazama ile foleni mpaka mwisho wake, karibu na mlango. Tuone alidhani anatoka. Mkuu alikwenda mpaka nyuma ya mtoto wa mwisho, akasimama hapo, akasubiri.